Motoka imetoka lavaji ikiwa imeharibika: nani analipa?

Swali limetoka kwa mama mmoja mwalimu, mkazi wa komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Nalifupisha. Jumamosi alipeleka RAV4 yake ya mwaka 2003, usukani kuume, kwenye lavaji, pale wanapoosha magari. Vijana wakamshawishi aongeze pesa kidogo waoshe na injini. Motoka iliwaka bila shida, lakini kabla hajafika nyumbani ikaanza kutetemeka na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Kesho yake, juani, akaona mengine mawili: rangi ya kapo (boneti) imebanduka kipande cha ukubwa wa kiganja karibu na ukingo wa mbele, na ubavu wote wa kushoto umejaa mikwaruzo myembamba ya duara. Patro, yaani mwenye lavaji, anasema "ilikuja hivyohivyo", kisha anaonyesha kibao ukutani: nyumba haihusiki na uharibifu wowote. Mama anauliza kama ana haki, atathibitisha vipi, na kama aende polisi.

Mama, jambo.

Haki unayo, ila yale matatu hayana uzito mmoja. Kwa jinsi ulivyoeleza, injini ni yao. Mikwaruzo ni yao pia, kwa sababu moja ndogo uliyoitaja kwa kupitia tu, nitaifikia. Kapo ndiyo inayonitia shaka, na huenda gharama yake ikabaki kwako. Nakwambia mapema kwa sababu madai mengi ya lavaji hupotea hivi: mwenye motoka anafika na hasira, anadai kila kitu kwa mkupuo, patro anachagua dai lililo dhaifu, anaonyesha mbele ya watu kwamba halimhusu, na kuanzia hapo hata lile la kweli halisikilizwi tena. Maji ya karsheri, ile mashine ya kurusha maji kwa nguvu, yanaharibu, na maji hayohayo yanafichua uharibifu uliokuwepo zamani. Ni lazima utenganishe kabla hujafungua mdomo.

Anza na injini, leo hii, kwa sababu ushahidi wake unakauka. Na usiiendeshe tena. Kama ile taa ilikuwa inawaka tu na kutulia, umebahatika. Kama ilikuwa inapepesa huku motoka inatetemeka, maana yake ni kwamba petroli isiyoungua inaingia kwenye katalizeri (kile kifaa cha kusafisha moshi) na kuichoma, na katalizeri ni kitu cha bei kuliko yote tunayozungumza hapa. Ukiendelea kwenda nayo kazini wiki nzima kisha katalizeri ikafa, patro atasema, na atakuwa sahihi, kwamba hiyo uliiua wewe.

Mwite fundi aje nyumbani badala ya kuipeleka wewe. Atoe kile kifuniko cha plastiki juu ya injini. Chini yake kuna bobini nne, zile koili za kutoa umeme wa kuwasha petroli, moja kwa kila silinda, kila moja imeshikwa na bulonyi moja ya ufunguo namba 10. Atoe ya kwanza polepole na kuangalia ule mkia wake wa mpira. Ukiwa mzima ni mlaini, ukiukunja unarudi. Wa motoka ya zaidi ya miaka ishirini mara nyingi umekuwa mgumu, una nyufa ndogo karibu na mdomo, na ndimo maji yanamopita. Kisha amulike shimo kwa tochi. Kama ni suala la maji, utaona mojawapo ya mambo haya: maji yenyewe yamekaa chini kuzunguka buji (plagi), au tope jekundu ambalo lilikuwa vumbi kabla ya Jumamosi, au kutu mbichi ya rangi ya chungwa kwenye chuma cha buji. Wakati mwingine kuna mstari mwembamba mweusi umeshuka kwenye kauri nyeupe ya buji. Hiyo ni njia ambayo umeme umejichongea. Bobini inatoa zaidi ya volti 10,000, na umeme wa nguvu hiyo ukikuta unyevu unakimbilia kwenye chuma cha injini badala ya kuruka kwenye ncha ya buji. Silinda haiwaki, injini inatetemeka. Hakuna zaidi ya hapo.

Piga picha na video ya kila shimo kabla mtu hajalikausha. Weka kwenye picha kitu kinachoonyesha kwamba ni motoka yako, hata kipande cha plaki (bamba la namba) au namba ya shasi. Usiziache kwenye WhatsApp tu: picha ikipita WhatsApp inapoteza tarehe na saa zilizoandikwa ndani yake. Hifadhi zile za asili kwenye simu iliyopiga.

Halafu skana. Mafundi wengi mjini sasa wana kale kakifaa kadogo ka kuchomeka chini ya usukani, kanakosoma kwenye simu. Utaona namba kama P0300, maana yake silinda mbalimbali zinakosa moto, au P0301 mpaka P0304, ambapo tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda yenyewe. Pamoja na namba hiyo kompyuta huhifadhi hali ya injini wakati kosa lilipotokea: joto, mzunguko, mwendo. Piga picha vyote. Mafundi wetu wana tabia ya kufuta kosa kwanza ili "tuone kama litarudi". Mzuie. Akifuta kabla ya picha, amefuta shahidi wako.

Ndipo mkaushe. Upepo wa kompresa kwenye kila shimo kwanza, na buji zikiwa bado zimefungwa. Ukifungua buji huku maji yamekaa pale, yanadondokea ndani ya silinda. Kisha bobini zikae juani saa kadhaa, na soketi zake pia. Mara nyingi injini inarudi kuwa nzima na madhara yanaishia kwenye malipo ya fundi. Isiporudi, bobini moja imekufa, na kuijua ni rahisi: kama kosa ni P0302, hamisha bobini ya silinda ya pili iende ya tatu, na ya tatu ije ya pili. Kosa likigeuka kuwa P0303, limeifuata bobini. Dai hiyo moja. Kuna watu watakushauri udai zote nne "maana zote zimelowa". Hapo ndipo mtu mwenye haki anapoanza kuonekana mwongo.

Patro atakwambia mpira ulikuwa mzee. Ni kweli. Lakini yeye ndiye aliyepokea pesa za ziada kuosha injini aliyoiona kuwa ya zamani, na kazi hiyo ina namna yake: injini ipoe kwanza, bobini na alternata vifunikwe kwa mfuko wa plastiki, na karsheri iwekwe pembeni kabisa, kwa sababu injini inasafishwa kwa brashi, sabuni na maji ya kumwagia kidogo. Anayeelekeza mdomo wa karsheri juu ya bobini hawezi kujificha nyuma ya umri wa mpira. Ningekuwa mimi, ningekubali anipe bobini ya okazio, yaani iliyokwisha kutumika, iliyo nzima badala ya mpya, kwa kuwa yako nayo haikuwa mpya, na tungeishia hapo.

Uliza pia kama walipulizia mazutu (dizeli). Lavaji nyingi hufanya hivyo ili injini na sehemu za chini zing'ae mteja anapochungulia. Inapendeza siku mbili, kisha vumbi linagandia juu yake kuwa unga mnene. Na mazutu yakikaa kwenye mkanda unateleza, yakikaa kwenye mipira inavimba na kulegea. Ukinusa harufu yake, mwambie fundi aioshe kwa sabuni, na uiongeze kwenye orodha.

Sasa ubavu wa kushoto. Mikwaruzo ya duara, myembamba kama utando wa buibui ukiitazama kwenye jua au kwa tochi ya simu, inatokana na kitambaa chenye mchanga. Vumbi letu jekundu lina chembe ngumu za mchanga ndani yake. Kijana akipangusa kabla hajasuuza vizuri, au kitambaa kikianguka chini akakiokota na kuendelea, anakuwa anapiga msasa. Kila motoka ya Lubumbashi ina mikwaruzo ya namna hiyo, hata yangu. Ila wewe umesema ni ubavu mmoja. Hilo ndilo neno lako la nguvu, Mama. Miaka ishirini ya vumbi isingechagua kushoto na kuacha kulia. Kwa kawaida vijana wawili huosha motoka moja, kila mmoja upande wake. Mmoja alikuwa na kitambaa safi, mwingine hakuwa nacho. Piga picha pande zote mbili saa moja, jua moja, umbali mmoja, uziweke sambamba. Patro mwenyewe ataelewa bila maneno.

Hakikisha tu si mistari iliyonyooka, maana hiyo ni ya vichaka au ya mtoto aliyepita na kijiti. Pitisha ukucha: usiponasa, polishi itaiondoa, kazi ya mchana mmoja kwa mtu anayejua mashine. Ukucha ukinasa, mkwaruzo umevuka verni, lile tabaka la juu linalong'aa, na polishi haitoshi.

Tuje kwenye kapo. Rangi ya kiwandani kwenye motoka za Kijapani mara nyingi ina unene wa kati ya mikroni 80 na 150, tabaka zote pamoja, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ni kitu chembamba sana, lakini imeshikamana na chuma. Karsheri ikishikwa mbali, sentimita 30 hivi, haiwezi kuibandua kipande cha kiganja. Kinachobanduka hivyo, kwa ngozi, ni rangi iliyopakwa baadaye juu ya uso ambao haukupigwa msasa vizuri au ulikuwa na mafuta. Motoka yako imefika Kongo ikiwa okazio, imepita mikono, bandari na barabara. Kapo kupakwa upya njiani si ajabu. Na ukingo wa mbele ndio unaopigwa na kokoto za malori ukienda Likasi au Kasumbalesa. Kokoto inafungua kidonda kidogo, maji yenye nguvu yanaingia chini yake na kuinua kilichokuwa hakijashika.

Usichukue neno langu tu. Chukua tochi, uangalie ukingo wa pale palipobanduka, pole pole, jicho karibu. Ukikuta chini ya rangi kuna rangi nyingine inayong'aa, ya rangi ileile au tofauti, ilipakwa juu ya verni ya zamani bila msasa: si kosa la lavaji. Ukikuta mastiki, ule unga mzito wa tolye (fundi wa kunyoosha bodi), kapo iliwahi kugongwa. Ukikuta chuma kimefunikwa na tabaka la kijivu lisilotoka kwa ukucha, na rangi juu yake imekatika kwa ncha kali, hiyo inaweza kuwa ya kiwandani, na kesi inabadilika. Wachora rangi wakubwa wana kipimo cha unene, unakigusisha tu kwenye bamba: kikisoma 110 kwenye milango na 290 kwenye kapo, ujue kapo ilishapakwa upya. Omba wakupimie, ni jambo la dakika chache.

Kuna alama mbili zinazoweza kuwarudishia lawama ya kapo. Ya kwanza ni mstari mwembamba ulionyooka unaoanza au kuishia pale palipobanduka, au plastiki ya grili iliyochanwa kandokando: hapo mdomo wa karsheri uliwekwa karibu mno. Ya pili ni rangi iliyofifia au kuwa na madoa ya kutiririka, dalili ya dawa kali. Wapo wanaotumia dawa ya asidi ya kusafishia rimu kwenye bodi nzima kwa sababu inakata vumbi haraka. Ukikosa zote mbili, iache kapo nje ya madai. Au uitumie kwa heshima: "hii naijua ilikuwa dhaifu, siidai". Sentensi hiyo moja itakupa nguvu zaidi kwenye yale mawili kuliko ukali wowote.

Kuhusu kibao. Kode sivili yetu, yaani sheria ya madai, kitabu cha tatu, ile ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 258 kinasema anayemsababishia mwenzake madhara kwa kosa lake analazimika kuyafidia. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kutojihadhari. Cha 260 ndicho kinachokuhusu zaidi: bwana wa kazi anawajibika kwa madhara yanayofanywa na watu wake ndani ya kazi aliyowapa. Kwa hiyo usikubali patro akuletee yule kijana na kusema "malizana naye". Vijana wengi wa lavaji wanalipwa kwa motoka, siku nyingine wanarudi nyumbani na nauli tu. Anayejibu ni yeye mwenye nyumba. Kibao ni tangazo alilojiandikia mwenyewe. Hukulitia saini, na kama ulilionyeshwa baada ya madhara, hukulikubali. Usibishane nalo sana. Mwambie tu kwamba umelisoma.

Polisi, hapana. Hakuna aliyekusudia kukuharibia, kwa hiyo hili ni jambo la madai, si la jinai. Ukilipeleka kule, yule kijana atakaa ndani mpaka nduguze wachange, patro atakuwa adui, na wewe utalipia karatasi, usafiri na soda, na bobini bado imekufa. Tribinali ya amani ipo kwa madai kama haya, lakini kwa bobini moja na polishi ya ubavu mmoja, gharama na safari zitazidi unachotafuta. Iweke kama neno la mwisho. Na bima nayo haitakusaidia kama una ile ya lazima pekee, yaani ile inayotakiwa na sheria tangu 1973: inalipa madhara ambayo motoka yako inawafanyia wengine. Ni hivyo iwe umeichukua SONAS, kampuni ya bima ya serikali, au kwenye kampuni zilizoingia baada ya sheria ya 2015 kufungua soko. Kama ulilipia bima ya hatari zote, soma karatasi zako.

Kinachobaki ni kwenda kuongea. Usiende Jumamosi. Siku hiyo foleni imejaa, wateja wanasikiliza, na hakuna patro atakayekiri kosa mbele ya watu wanaosubiri kuoshewa. Nenda asubuhi ya katikati ya juma, pamoja na mtu mmoja mzima wa kuheshimika, shemeji au mwenzako wa shule, asiyependa kelele. Beba picha, karatasi ya fundi yenye namba za makosa, na devi (makadirio ya bei) mbili kutoka garaji mbili tofauti. Kama ulilipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, onyesha ujumbe: una saa, kiasi na namba ya aliyepokea, na hakuna atakayesema hukufika pale. Kama ulilipa taslimu bila risiti, tafuta mtu aliyekuona.

Anza hivi: "Papa, sijaja kugombana. Nililipa injini ioshwe, ikatoka haiwaki silinda moja. Hii hapa picha ya maji." Kisha nyamaza. Watu wengi huharibu hapo, wanaendelea kuongea. Akitaka fundi wake aangalie, kubali, ila mbele yako na kwenye uwanja wako. Akisema atakuoshea bure miezi mitatu, kataa kwa upole. Hutaki motoka yako irudi chini ya kitambaa kilekile.

Mkikubaliana, iandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: plaki, tarehe ya kuosha, kilichoharibika, nani anamlipa nani, garaji gani, mpaka tarehe gani, saini zenu na za mashahidi wawili. Iandikeni kwa Kifaransa, kwa sababu ikifika tribinalini ndiyo lugha watakayoisoma. Pesa ziende moja kwa moja garajini. Akikataa kabisa, mwandikie barua fupi yenye mambo hayohayo, umpe siku nane, umfanye atie saini nakala yako kwamba ameipokea. Akikataa kusaini, shahidi wako aandike kwamba alikuwepo ulipoikabidhi. Baadhi ya mapatro hulegea wanapoona karatasi, kwa sababu wanajua anayeandika barua hatachoka haraka.

Polishi isifanywe mpaka patro aone ubavu kwa macho yake. Kapo, kwa upande mwingine, usiingojee kesi: chuma kikiwa wazi mvua za Novemba zikianza kitashika kutu, na kazi ya msasa na primeri ya leo itakuwa kazi ya kukata bamba mwakani. Na ile bobini iliyokufa, mwambie fundi akurudishie mkononi, asiitupe wala asiiuze. Patro ana haki ya kuishika kabla hajatoa pesa.